Kocha Hakai Golini

Usiku wa tarehe 11 Novemba 2023 Edmonton Oilers waliifunga Seattle Kraken mabao 4-1, tena ugenini. Kesho yake asubuhi wakamtimua kocha.

Jay Woodcroft alipofungashiwa virago, timu yake ilikuwa imecheza mechi 13 za NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada, na kushinda 3 tu. Msimu ulifunguliwa kwa kipigo cha 8-1 kutoka kwa Vancouver. Siku mbili kabla ya kuifunga Seattle walilala 3-2 mbele ya San Jose, timu ambayo katika mechi zake 11 za kwanza haikuwa imeonja ushindi hata mmoja. Na hao Oilers ndio wenye Connor McDavid, mchezaji ambaye wengi wanaofuatilia mchezo huu watakwambia hana mpinzani duniani.

Nilikisimulia kisa hiki barazani Maweni, hapa Malindi, kwa watu ambao mpira wa miguu wanaujua nje ndani. Hukumu ilitoka kabla chai haijapoa. "Kocha hana mbinu huyo," akasema kijana wa bodaboda. "Aende zake, aje mwengine." Wenziwe wakaitikia. Mzee mmoja aliyewahi kudakia timu za mtaa enzi zake, ambaye sote twamwita Ami, ndiye peke yake aliyeuliza: "Na kipa wao, mwanangu, alikuwa akidaka?"

Ami hajaona barafu nyingine zaidi ya ile ya kuhifadhia samaki, lakini swali lake lilikwenda palepale panapostahili. Timu inapozama, kuna mambo mawili yanayokwenda sambamba na jicho huyachanganya. La kwanza ni jinsi mchezo unavyochezwa: mashuti mangapi yanapigwa upande huu na ule, yanapigwa kutoka wapi, na nani yumo uwanjani yanapopigwa. La pili ni kama mashuti hayo yanaingia au hayaingii. Katika la kwanza mkono wa kocha ni mrefu sana. Katika la pili ni mfupi, mfupi kuliko wakubwa wa timu wanavyopenda kukubali. Ubao wa matokeo hautenganishi mambo hayo. Unatoa namba moja, na namba hiyo ndiyo inayomtoa mtu kazini.

Mtu anaweza kuuliza hoki ya barafuni yatuhusu nini sisi wa Malindi, mji ambao Februari hata kivuli cha mwembe hakisaidii. Jibu liko Casuarina na Barabara ya Lamu. Waitaliano wako nasi tangu enzi za mradi wa San Marco wa kurusha roketi kule Ngomeni, miaka ya 1960, na walipokuja walikuja na michezo yao. Wengi ni watu wa kandanda, lakini wanaotoka milimani kaskazini, upande wa Bolzano, hoki ndiyo yao. HC Bolzano inacheza katika ligi yenye makao Austria, na mwaka 2018 ilitwaa ubingwa wa ligi hiyo chini ya Kai Suikkanen, kocha aliyeletwa msimu ukiwa katikati. Mtu wa Bolzano akikwambia dawa ya timu mbovu ni kubadili kocha, ana sababu zake. Kisha ikaja Olimpiki ya majira ya baridi ya Milano na Cortina, Februari 2026, Italia ikiwa mwenyeji. Nairobi nako wako Ice Lions, waliojifunza kwenye kiwanja kidogo cha barafu cha hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, na ambao mwaka 2018 walipelekwa Kanada wakacheza pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, nyota wa NHL. Kwa anayetaka kuitazama NHL yenyewe akiwa huku pwani, shida ni saa: mechi ya jioni ya New York huanza kwetu saa nane au saa tisa za usiku, kutegemea majira yao.

Sekunde 45

Uwanja wa NHL ni barafu ya takriban mita 61 kwa 26, umezungushiwa ukuta. Kila timu ina watu 6 ndani, kipa akiwemo. Kinachogombewa ni kisahani cha raba ngumu, na goli lenyewe ni dogo, upana mita 1.83 na kimo mita 1.22. Mechi ni dakika 60, vipindi 3 vya dakika 20, na saa husimama kila mchezo unaposimama.

Kitu cha kwanza kinachomchanganya mtu wa kandanda ni mabadiliko. Hakuna mchezaji wa ndani anayecheza mfululizo. Mtu huingia, hukimbia kwa nguvu zake zote kwa sekunde 45 hivi, hutoka, mwingine huruka ukuta akaingia, na mwamuzi haombwi ruhusa. Kocha ana washambuliaji 12, kwa kawaida makundi manne ya watu watatu, na mabeki 6, jozi tatu. Usiku mzima kazi yake ni kuamua nani aingie sasa, na nani, dhidi ya nani.

Hapa ndipo timu mbovu nyingi huanza kuvuja, na kwenye televisheni huoni. Chukua kipindi cha pili. Benchi za timu zote mbili ziko upande mmoja wa uwanja na hazihami, lakini timu hubadilishana magoli. Kipindi cha kwanza na cha tatu benchi lako liko karibu na goli lako. Beki aliyechoka anapiga hatua chache za kuteleza anatoka. Kipindi cha pili benchi liko mbali, upande wa goli la mpinzani. Beki aliyekwama mbele ya kipa wake hawezi kutoka bila kuacha pengo, kwa hiyo anabaki. Sekunde 45 zinakuwa 70, 70 zinakuwa 90, miguu inakufa, na mpinzani amekwisha kuingiza watu wapya. Ndiyo maana kwa miaka na miaka kipindi cha pili NHL ndicho chenye mabao mengi kuliko cha kwanza.

Anaweza kukipiga kisahani mbali apate nafuu? Akikipiga kutoka nusu yake kikapita mstari wa goli la mpinzani bila kuguswa, firimbi inalia na mchezo unarudishwa kuanzia karibu na goli lake. Na tangu msimu wa 2005/06 kanuni inasema waliomo uwanjani hawaruhusiwi kubadilishwa. Waliochoka wanabaki wamechoka, mpinzani anamwaga watu wapya. Nimeona mabao mengi sana yakizaliwa hapo, na mtangazaji huyaita makosa ya beki. Beki alikuwa hana pumzi. Kosa lilifanyika dakika moja nyuma, mtu alipokawia kutoka kwa tamaa ya shambulizi moja zaidi.

Kwa hiyo kocha anayepokea timu inayozama akiwa na akili zake, siku ya kwanza hagusi mfumo. Anafupisha zamu. Anawaambia wasibadilishane mpaka kisahani kiwe kimesukumwa ndani kabisa kwa mpinzani. Mambo haya hayahitaji kipaji wala mazoezi ya wiki tatu.

Upo pia ujanja wa nani dhidi ya nani. Mchezo unaposimama, timu ya nyumbani ndiyo inayobadilisha ya mwisho. Mwenyeji anasubiri aone McDavid ameingia ndipo aingize jozi yake bora ya mabeki. Ukiwa ugenini huna ruhusa hiyo, McDavid anaweza kuingizwa dhidi ya jozi yako ya tatu ya mabeki ikiwa imechoka. Timu inayoshinda kwao na kufa ugenini mara nyingi haina tatizo la moyo, kama wachambuzi wanavyopenda kusema. Ina mabeki wawili wazuri badala ya wanne.

Kukaba juu au kutega

Mjadala wa mfumo, ule unaoyafanya mazungumzo ya usiku yawe marefu, watu wa kandanda wataufahamu haraka. Mpinzani ana kisahani nyuma ya goli lake. Unatuma wangapi?

Ukituma wawili, wa tatu akisimama juu yao na mabeki wawili nyuma, umekaba juu. Ukifanikiwa unapora kisahani mita chache kutoka golini. Ukishindwa, pasi moja inawapita wawili wako na sasa wao ndio wengi kuliko nyinyi wakishuka kwenu. Ukituma mmoja, wawili wakasimama katikati na wawili nyuma, hupori mengi, lakini hupitwi ovyo. Uchaguzi huo unategemea miguu ya mabeki wako kuliko unavyotegemea moyo wa kocha. Timu yenye mabeki wazito inayolazimishwa kukaba juu kwa sababu kocha aliusifu mfumo huo siku ya kutambulishwa, itafungwa mabao yaleyale kila wiki, na wachezaji wataitwa wavivu.

Upo mfumo wa tatu, mtego wa katikati. Ni kupaki basi, ila basi lenyewe linapakiwa katikati ya uwanja, kati ya mistari miwili ya buluu inayoigawa barafu sehemu tatu, mbali na goli. Huendi kumkaba mpinzani kwake. Unamwachia aje, unamfungia njia za katikati, unamsukuma ukutani, unampora hapo. Jacques Lemaire aliufundisha New Jersey Devils, na mwaka 1995 wakaifagia Detroit mechi 4-0 kwenye fainali ya Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa NHL linalokwenda kwa wa kwanza kushinda mechi nne, Detroit iliyokuwa imemaliza msimu ikiwa kileleni mwa ligi nzima. Watazamaji waliuchukia mtego huo. Ligi nayo ikaubana: tangu 2005 iliruhusu pasi ndefu zinazovuka mistari miwili, ambazo zamani zilikatazwa, ili mtego uweze kurukwa. Mimi siuonei haya. Timu dhaifu ikicheza wazi na timu hodari ni kuwapa watu burudani kwa gharama ya pointi zake.

Lakini mbinu ina uzee wake, na kisa cha tarehe 9 Novemba 2011 kinaonyesha unavyokuja. Kocha Guy Boucher alikuwa ameifikisha Tampa Bay Lightning mechi ya mwisho ya nusu fainali miezi michache kabla, kwa mtego wa mmoja mbele, watatu wamejipanga mstari katikati, mmoja nyuma. Usiku ule Philadelphia Flyers walipokea kisahani kwao, wakaangalia ule ukuta wa watatu, wakakataa kuusogelea. Beki akasimama na kisahani. Hakuna aliyemfuata, kwa sababu mfumo wa Tampa haukuwa na mtu wa kumfuata. Sekunde zikaenda, watu 12 wamesimama juu ya barafu wakitazamana, uwanja mzima ukizomea, mpaka mwamuzi akapiga firimbi kwa kuwa mchezo ulikuwa umekufa. Flyers wakarudia tena na tena. Tampa ndio walioshinda mechi ile, 2-1 katika muda wa nyongeza. Lakini picha ile ilikwisha kuzunguka ligi nzima, kila benchi la ufundi likawa na jibu la kujaribu. Msimu ule Tampa hawakufuzu hatua ya mtoano, na Machi 2013 Boucher akaonyeshwa mlango.

Kwenye eneo lako mwenyewe, mbele ya kipa, swali ni kukaba mtu kwa mtu au kukaba kwa eneo. Mtu kwa mtu kunahitaji miguu. Mpinzani akizunguka nawe unazunguka, na mmoja akiteleza wote wameteleza. Kwa eneo kunahitaji kuaminiana: namwacha huyu apite kwa sababu najua mwenzangu yuko pale. Tatizo ni kwamba mfumo wa pili hauingii kichwani kwa wiki moja. Mchezaji anayefikiri "huyu wangu au wako?" amechelewa nusu sekunde, na nusu sekunde barafuni ni mita kadhaa. Tena NHL ilikuwa ikicheza mechi 82 ndani ya miezi sita na kidogo, karibu kila baada ya siku moja, katikati kuna ndege na hoteli. Siku za mazoezi ya kweli ni chache mno. Ndiyo sababu makocha wanaofanikiwa msimu ukiwa katikati mara nyingi huondoa vitu kuliko kuongeza. Craig Berube alipoichukua St. Louis Blues Novemba 2018 alirahisisha: kisahani mbele, fuateni, pambaneni, rudini pamoja.

Kuhusu adhabu nitapita haraka. Mchezaji akifanya kosa dogo hukaa kibandani dakika 2 na timu yake hucheza pungufu. Timu yenye mtu wa ziada hufunga takriban mara moja katika kila nafasi tano. Kikosi cha watu watano cha kutumia nafasi hizo hupangwa upya asubuhi moja tu, kwa hiyo hapo kocha mpya huweza kuonekana mganga ndani ya wiki. Uganga huo usiuamini kabla ya mechi 20.

Swali la Ami

Sasa turudi kwa kipa, na tupige hesabu.

Timu ya NHL hupigiwa takriban mashuti 30 yanayolenga goli kwa mechi. Kipa wa kawaida huokoa takriban 90 katika kila 100. Tuseme wa kwako anaokoa 91: atafungwa wastani wa mabao 2.7 kwa mechi. Tuseme ameshuka kidogo tu, anaokoa 88: atafungwa 3.6. Tofauti ya mashuti matatu katika mia, ambayo mtu aliyekaa jukwaani hawezi kuiona kwa macho, ni karibu bao moja kila mechi. Kwa mechi 82 ni mabao zaidi ya 70. Hiyo ndiyo tofauti ya timu ya mtoano na timu ya mkiani.

Ili kocha apate nafuu hiyohiyo kwa kupunguza mashuti peke yake, angelazimika kuyashusha kutoka 30 hadi 22 au 23 kwa mechi, na ni nadra timu ya NHL kuishi hapo msimu mzima. Anaweza, ndiyo, kuyasukuma mashuti mbali na mdomo wa goli, na hilo lina maana kubwa, kwa sababu shuti la ubavuni si sawa na la mita tatu mbele ya kipa. Lakini nilipomweleza Ami hesabu hii, alinijibu kwa lugha ya bandarini: nahodha huchagua mwamba wa kuvulia, samaki kula chambo si amri yake.

Watu wa hoki walitafuta namna ya kuutazama mwamba bila kuhesabu samaki. Waliishia kuhesabu kila shuti linalopigwa: lililolenga, lililotoka nje, lililozuiwa njiani. Ukipiga zaidi ya unavyopigiwa, mwelekeo wako ni mzuri hata kama wiki hii umefungwa. Kipimo hicho kinaitwa Corsi, kwa jina la Jim Corsi, aliyekuwa kocha wa makipa wa Buffalo. Yeye hakuwa akitafuta kupima timu. Alitaka kujua mzigo wa kazi wa kipa wake, kwa sababu kipa hujitupa chini hata kwa shuti lililokwenda nje. Na wageni wetu wa Casuarina wana haki ya kujivuna hapo. Corsi alizaliwa Montreal lakini aliidakia timu ya taifa ya Italia, na mwaka 1982, kwenye mashindano ya dunia Finland, Italia ilitoka sare ya 3-3 na Kanada yeye akiwa golini. Kabla ya hapo, msimu wa 1979/80, alidakia Edmonton Oilers.

Edmonton hao hao. Tukiwarudia wale wa Novemba 2023 kwa kipimo hiki, mambo yanageuka. Walikuwa wakipiga mashuti mengi kuliko wapinzani wao. Kwa hesabu ya mabao yanayotarajiwa, inayompa kila shuti uzito kulingana na lilikopigwa, walikuwa miongoni mwa timu bora za ligi. Walikuwa pia wa mkiani kwa kuokoa: makipa wao wawili, Stuart Skinner na Jack Campbell, kila mmoja alikuwa chini ya 88 katika mia. Campbell alishateremshwa kwenye timu ya akiba siku chache kabla kocha hajatimuliwa.

Akaja Kris Knoblauch, aliyewahi kumfundisha McDavid kwenye timu ya vijana ya Erie. Katika mechi 69 zilizobaki Oilers wakashinda 46, zikiwemo 16 mfululizo. Baraza litasema ni mbinu. Sehemu ni mbinu, sikatai. Ulinzi mbele ya goli ulitulia. Lakini Skinner alianza kudaka, na timu iliyokuwa tayari inapiga zaidi ya inavyopigiwa ikaanza kupata mabao yake. Woodcroft angebaki, naamini wangepanda vilevile, labda si kwa mechi 16 mfululizo.

Mfano wa kinyume chake uko Toronto. Januari 2015 Maple Leafs walimfukuza Randy Carlyle akiwa ameshinda mechi 21 kati ya 40. Kwa matokeo, si balaa. Kwa mashuti, ilikuwa aibu: timu ilikuwa ikipigiwa kama ngoma, na makipa ndio waliokuwa wakiiweka hai. Peter Horachek akaingia, akabana, hesabu ya mashuti ikaboreka. Halafu mabao yakakauka, wakubwa wa timu wakaanza kuuza wachezaji, na katika mechi 42 Horachek akashinda 9. Mwisho wa msimu naye akaondoka. Ukitazama jedwali tu, utasema Carlyle alikuwa kocha bora kuliko Horachek. Mimi siko tayari kusema hivyo.

St. Louis ndiyo ngumu zaidi kuitenganisha. Berube alishika timu Novemba 2018, na tarehe 3 Januari 2019 ilikuwa ya mwisho katika ligi nzima. Kocha mpya, mfumo mpya, na bado mkiani, zaidi ya mwezi mzima. Tarehe 7 Januari akaanzishwa kipa asiyejulikana, Jordan Binnington, dhidi ya Philadelphia, na hakufungwa: 3-0. Alimaliza msimu na ushindi 24, wastani wa kufungwa 1.89 kwa mechi. Tarehe 12 Juni Blues waliifunga Boston 4-1 kwenye mechi ya saba ya fainali na kubeba Kombe la Stanley kwa mara ya kwanza katika historia yao.

Nani alimwokoa mwenzake? Kipa alimwokoa kocha, hilo liko wazi kwa tarehe. Lakini Binnington aliingia nyuma ya timu iliyokwisha kufundishwa kurudi pamoja na kuwasukuma wapinzani pembeni, kwa hiyo mashuti aliyoyakuta yalikuwa rahisi kuliko yale ya Oktoba. Mbinu ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake kwa wiki kadhaa bila mtu kuiona, kwa sababu ubao ulikuwa bado unasema wamefungwa.

Tahadhari moja kabla hujaanza kuhesabu mashuti na kubishana nayo mitandaoni. Timu inayoongoza hurudi nyuma, inayofungwa huja juu. Kwa hiyo timu mbovu, ikiwa nyuma 3-0 kila usiku, itajikusanyia mashuti mengi kipindi cha tatu dhidi ya watu wanaolinda tu. Ukijumlisha yote utaiona hodari. Hesabu mashuti mechi ikiwa sare, au tofauti ikiwa bao moja. Ya baada ya hapo yatupilie mbali.

Na kama kipa ndiye mwenye uzito wote huo, kwa nini anafukuzwa kocha? Fedha. NHL ina ukomo wa mishahara. Msimu wa 2023/24 ulikuwa dola milioni 83.5 kwa kila timu. Kipa mbovu mwenye mkataba wa miaka mingi huwezi kumtupa bure, na atakayekubali kumchukua atakudai kitu juu yake. Mshahara wa kocha hauhesabiwi ndani ya ukomo huo. Ukitaka kuonekana umefanya jambo, na mashabiki wanazomea, yeye ndiye mlango ulio wazi.

Knoblauch aliifikisha Edmonton fainali ya Juni 2024. Wakafungwa mechi tatu za kwanza na Florida, wakashinda tatu zilizofuata, wakalala 2-1 kwenye ya saba. Mwaka uliofuata wakarudi fainali, Florida tena. Katika mechi ya nne Knoblauch alimtoa Skinner baada ya kipindi cha kwanza, timu ikiwa nyuma 3-0, akamwingiza Calvin Pickard, na wakashinda 5-4 muda wa nyongeza. Ya tano akamwanzisha Pickard, wakafungwa 5-2. Ya sita akamrudisha Skinner, wakafungwa 5-1, na kombe likabaki Florida. Safari hii kocha hakuguswa.